Baiskeli Iliyopita Kinooni

Tarehe tatu Juni, saa tisa kasorobo mchana, mwenzangu wa ndoa, Theodosia, alivuta pumzi. Nikangoja avute nyingine. Hakuvuta.

Wengi wenu mlikuwepo. Mlileta kuni, mlileta maji, mlilala nami matanga, Mungu awalipe. Tangu siku ile sijasimama hapa mbele kusema neno. Leo padre hayupo, zamu ya mafundisho ni yangu, basi nimesimama. Nitakwenda polepole. Mkiona nimenyamaza kidogo msiwe na wasiwasi, nitaendelea.

Sitawaeleza habari za kaburi. Nawapa mfano wa mtu na baiskeli yake.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyependa kuona nchi. Wenzake wakipata likizo walilala, au walikwenda mjini kununua vitu. Yeye alifunga blanketi kwenye keria, akaweka pampu na viraka, akaondoka. Watu wakamwuliza, "Unakwenda kufanya nini huko?" Akawajibu, "Kutazama." Wakamwona ana kasoro.

Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mchanga. Aliyemlea ni mdogo wake mama, mama mdogo, katika kijiji kinachoitwa Kinooni, chini kabisa bondeni. Alipofikia umri wa kuanza shule, upande wa baba wakaja wakamchukua, na hakurudi tena mpaka amekuwa mtu mzima. Mwaka mmoja akasema moyoni: sasa nitashuka na baiskeli, niufuate mto kutoka milimani hadi Kinooni, niione nchi ya mama zangu, nimwamkie mama mdogo aliyenibeba mgongoni.

Akaanza safari. Asubuhi alifika ukingoni mwa mlima, ukungu umejaa, haoni hata mti. Akangoja. Ukungu ukaanza kufunguka kidogo kidogo, kama mtu anayekunja shuka, na chini yake akauona mto. Umejikunja na kujikunjua bonde zima, unang'aa, mpunga kijani pande zote mbili, moshi wa nyumba za watu unapanda taratibu. Ndugu zangu, mmewahi kusimama mbele ya kitu mpaka mkasahau kufunga mdomo? Alishuka kwenye baiskeli bila kujua kwamba ameshuka. Akavua kofia. Pale hapakuwa na mtu wa kumvulia kofia. Mnaelewa alimvulia nani?

Akaingia msituni. Humo kuna miti ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki. Mbega waliruka juu, manyoya meupe yakipepea mabegani kama joho la padre siku ya sikukuu. Hondohondo akapita, mabawa yake yanavuma kama mama anayepepeta mchele. Yule mtu kila mara alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye mti, akatazama juu hadi shingo ikauma. Akasema, "Bwana, haya yote ulimfanyia nani? Huku hata mtu hapiti." Kisha akanyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anapita.

Akafika kwenye vijiji vya zamani, kando ya njia waliyoipita wapagazi enzi za mababu. Kimoja kina kisima cha mawe. Jiwe la ukingoni limechimbika mahali kamba zilipokuwa zikisugua, kamba baada ya kamba, tangu enzi za watu ambao hakuna anayewajua tena. Aliweka kidole katika mfereji ule wa kamba, kidole kikazama chote. Akabaki amesimama hivyo, kidole ndani ya jiwe, anawafikiria wote waliochota pale wakanywa, wakaenda zao, na Mungu anawajua kwa majina.

Hapo kisimani simu ikalia. Alikuwa jirani wa mama mdogo.

"Mwanangu, mama yako mdogo amezidiwa. Anakuulizia wewe tu. Uko wapi?"

"Niko kwenye kisima cha mawe."

"Jitahidi, baba. Jitahidi uwahi. Mimi nakimbilia zahanati, labda mganga atakuja."

Tangu dakika hiyo hakutazama tena kitu. Aliinamia usukani, akakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote. Msitu ukapita. Mto ukapita. Ndege wakapita. Aliliona gurudumu la mbele tu na kipande kidogo cha njia. Je, tumlaumu? Hapana. Alikuwa anakimbia kwa upendo. Nami nawaomba mlishike hilo, kwa maana mfano huu haumhusu mtu mbaya.

Pale msitu ulipoishia, alimkuta mzee akinoa jembe juu ya jiwe kubwa kando ya njia. Jiwe lenyewe limebonyea katikati kama bakuli, maana watu wa hapo wamenolea majembe na mundu juu yake tangu zamani. Sasa, desturi yetu mnaijua. Ukiwa na baiskeli ukamkuta mzee, unashuka, unaamkia, unajibiwa, ndipo unauliza njia. Huyu hakushuka. Alipiga kelele akiwa juu ya siti.

"Shikamoo, mzee! Kinooni mbali?"

Mzee akainua mkono. "Marahaba! Karibu!"

"Asante!" Akakazana.

Mbele kidogo alikuta kina mama wanaanika mpunga kwenye mikeka.

"Jamani, Kinooni mbali?"

"Karibu!" wakaitika wote pamoja. Na alipokwisha kuwapita akasikia mmoja anasema, "Baba wa watu! Huyu anafukuzwa na nyuki?" Wakacheka.

Akakasirika moyoni. Akasema, hawa watu wa bondeni hawajui umbali. Kila mmoja ananiambia karibu, karibu, nami sifiki. Mgonjwa wangu atakata roho huku wao wananidanganya.

Akakuta nyumba ya zamani, kuta nene za mawe na udongo, mlango mfupi wa kuinamia. Njia ilipita jirani kabisa na mlango. Kuku walikuwa wanachakura njiani, akawapigia kengele. Pembeni ya mlango, juu ya mkeka, ajuza mmoja alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika kanga mbili juani.

"Bibi, Kinooni bado mbali?"

Yule ajuza akainua mkono kwa shida. "Karibu," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Kengele ikalia tena, kuku wakatawanyika, akapita.

Njia ikaendelea kuteremka, ikateremka, na ghafla ikaisha majini. Mto ule aliouona asubuhi kutoka juu, sasa uko mbele ya gurudumu lake, mpana, mweusi, unakwenda kimya. Akafunga breki kwa nguvu nusura aangukie majini. Kina mama wawili walikuwa wanaloweka mihogo ukingoni.

"Baba," mmoja akamwambia, "hapo mbele ni maji matupu. Baiskeli yako inaogelea?"

"Mama zangu, msinicheke. Nina mgonjwa. Naitafuta Kinooni."

Wakatazamana. Yule wa pili akasema, "Kinooni umeipita yote, baba. Inaanzia kule juu kwenye kinoo, lile jiwe la kunolea. Si ndiyo jina lenyewe? Inaishia hapa tunapoloweka."

"Nimeipita? Mbona kila niliyemwuliza aliniambia karibu?"

"Sasa ulitaka wakuambieje? Mgeni amefika mlangoni, tumwambie nenda zako?"

"Mimi nilidhani wananiambia si mbali."

Yule mama akaacha muhogo wake. Hakucheka tena. Akamwuliza polepole, "Kwani ulipouliza, ulishuka?"

"Sikushuka."

"Ndiyo maana. Mtu akishuka, akaegemeza baiskeli, tunamwuliza ametoka wapi, ni mtoto wa nani, nasi tunampeleka mpaka mlangoni. Mtu asiyeshuka tunamwambia karibu mara moja. Tukiona anaendelea kukanyaga, tunajua huyu anakwenda kwa watu wengine."

Akageuza baiskeli. Mlima ule haupandiki kwa pedeli, kwa hiyo akaisukuma kwa miguu. Na kwa kuwa alikuwa anatembea, macho yake yakafunguka tena. Akaiona migomba iliyopandwa kwa mstari. Akaona ukuta wa mawe uliowekwa jiwe juu ya jiwe na watu waliokwisha kulala. Nyuma yake bonde lote lilikuwa limejaa mwanga wa jioni, mto umekuwa kama dhahabu iliyoyeyuka, na juu, mbali, ukingo ule wa mlima alipovua kofia asubuhi. Akaelewa kwamba alipovua kofia kule juu alikuwa anaitazama Kinooni. Moshi aliouona ulikuwa moshi wa jikoni mwa mama yake mdogo. Akaogopa, woga ule wa mtu aliyeguswa na Mungu begani. Machozi yakamtoka huku anasukuma.

Alipoikaribia ile nyumba ya mlango mfupi, akaona watu wamesimama uani. Jirani yuko pale, akaijua sauti yake ya simuni, na watu wengine wamemzunguka. Akajua amechelewa.

Mtu mmoja akaja, akaishika baiskeli, akaipokea mikononi mwake kama mnavyopokea mzigo wa mgeni. Watu wakasogea. Na pale kwenye mkeka, amejifunika kanga mbili, yule ajuza alikuwa bado ameegemea ukuta. Alikuwa anamtazama.

"Nilikuambia karibu," akasema, "ukanipigia kengele."

Yule mtu akaanguka magotini. "Mama mdogo! Nilikuwa nakukimbilia wewe!"

"Najua, baba. Nilikuona mgongo. Mgongo wa marehemu dada yangu kabisa." Akapumzika, akavuta hewa. "Nikawaambia hawa, msimfuate, msimwite. Akiyaona maji atarudi."

Jirani akasema huku anafuta macho, "Tangu mchana amegoma kulala ndani. Alisema tumtoe mlangoni, mwanawe asije akahangaika kuuliza nyumba."

Yule mama akanyoosha mkono, akamshika kichwa, akakibonyeza kifuani pake alipokuwa akikilaza zamani.

Mnataka niwaambie aliishi siku ngapi baada ya hapo? Siwaambii. Si ninyi tu mnaotaka kujua hivyo. Mimi pia kule hospitali nilikuwa nawauliza wauguzi.

Sasa sisi, ndugu zangu.

Mungu amekaa mlangoni, nasi tunamwuliza tukiwa juu ya siti: Mbali? Tukiugua tunauliza. Tukizika ndiyo tunauliza zaidi. Mimi niliuliza pale makaburini, udongo ukiwa bado umelowa. Nilisema, Bwana, ulikompeleka ni mbali? Naye hatupi hesabu ya maili. Anatuambia neno moja, Karibu, na sisi tunalisikia kama habari ya njia, tunashukuru juu juu, tunaendelea kukanyaga, kumbe anatukaribisha. Lugha yetu imeyaweka mambo mawili katika neno moja, na mimi siamini kwamba ilikosea. Aliyekaribishwa amekwisha kuwa karibu. Kilichobaki ni kushuka.

Tunakimbilia wapi? Wangapi kati yetu leo asubuhi tumepita mlango wa mgonjwa, tukiharakisha kuja hapa kuwaombea wagonjwa? Yule mama wa pale kwenye kona, ambaye miguu haimchukui, kila Jumapili anaomba kiti chake kitolewe nje, saa hizi hizi tunapopita. Mnafikiri anaota jua? Tunampungia mkono, tunampigia kengele, tunapita. Yeye anasema karibu kwa sauti ndogo. Na ni nani anayesema kwa kinywa chake? Mnamjua. Alituambia mwenyewe kwamba alikuwa mgonjwa, alikuwa na njaa, alikuwa mgeni.

Tena nchi yenyewe aliyotuwekea. Mto wetu huu, msitu wetu huu, mawe waliyoyapanga babu zetu. Mara ya mwisho ulivua kofia lini?

Leo mkitoka hapa, shukeni. Shukeni hata kama mna haraka ya kweli. Mwenye baiskeli aisukume mpaka pale kwenye kona, aiegemeze, aamkie, akae.

Theodosia amekwisha kushuka. Baiskeli yake imepokelewa. Mimi bado niko njiani, na ninyi pia. Nawaomba tusimame, tumwombee.

Ee Bwana, mwenye nyumba, mpokee mjakazi wako Theodosia. Mtue mizigo aliyoibeba mbele ya macho yetu, na ile aliyoibeba kimya tusiione. Alipokosa, msamehe. Alipochoka, mlaze. Mpe maji ya kunawa, mpe mahali pa kukaa, umwonyeshe uzuri ule ambao milima yetu na mito yetu ni kivuli chake tu. Wakumbuke na wote waliotangulia kutoka kigango hiki, hata wale ambao sisi tumesahau majina yao, maana wewe hujayasahau. Wape kupumzika, wape mwanga usiotua, na utufikishe sisi sote walipo, kwako, kwa huruma yako. Amina.