Birika la Mzee Muhene

"Mama Riziki, huyo kijana anayeleta posa kwenu ni wa rangi gani, na anafanya kazi gani?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Mama Tunu, akiwa bado amesimama kizingitini. Hakuuliza jina la kijana, wala kama anaswali. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Sikuacha kupepeta, nikamwambia: Mnawisha rangi hukosa mkwe. Akaguna, akaenda zake.

Nanyi mabinti mliokuwa mnasukana pale uani mlisikia, na tangu hapo hamnipi nafasi. Kila mmoja anataka kujua huyo mnawisha ni nani na huyo mkwe alikwenda wapi. Haya. Alasiri tumeshaswali na kunde ziko motoni. Methali hii ilianzia sebuleni, kwenye birika na beseni, katika mji ule ule aliozaliwa bibi yangu mzaa mama. Yeye siku hiyo alikuwa jikoni kwa watu, akikaanga maandazi ya wageni, na dirisha la jiko lilitazama sebule. Kwa hiyo nawaambia alichokiona, siongezi chumvi.

Mji huo ulikuwa na desturi yake ya posa. Wageni wakishaketi, kabla ya neno lolote kusemwa, baba wa binti alichukua birika mwenyewe, akamnawisha mikono yule aliyekuja kuoa. Yule peke yake. Wengine walinawishwa na vijana wa nyumbani. Ukishamnawisha mtu umemwita mwanao, na hapo ndipo maneno ya mahari yanapofunguliwa.

Mzee Muhene aliuza vitambaa karibu na stesheni. Babu yake alitoka Uarabuni, na ingawa mama yake alikuwa Mmanyema na yeye mwenyewe alikuwa na rangi ya kahawa, ule Uarabu aliubeba mdomoni kuliko usoni. Alikuwa na binti mmoja tu, Salha, mshona kofia, mpole wa sauti lakini akishatia nia haondoki.

Salha alimjua kijana aitwaye Songoro nyumbani kwa shangazi yake, alipokuja na wenzake kuchimba kisima. Wanawake waliwapikia wachimbaji, na Salha ndiye aliyewapelekea chakula. Aliona kuwa Songoro hushuka shimoni kabla ya wenzake wote na hutoka baada ya wote, kwa sababu alisema hawezi kumtanguliza mtoto wa mtu mahali asipopajua. Wakazungumza siku mbili tatu, mbele ya shangazi, kwa adabu. Kisima kilipotoa maji, Songoro akauliza kama anaweza kutuma mshenga. Salha akamwambia shangazi yake kuwa akija mwingine yeyote, awe na mali ya namna gani, yeye atabaki na kofia zake.

Mshenga, Mzee Mbaruku, alikwenda kwa Mzee Muhene, akamwambia kijana ana dini, ana kazi yake mwenyewe na ana watu chini yake. Yote yalikuwa kweli. Lakini Mzee Muhene aliposikia "watu chini yake" akaona duka, na alipoona duka akaona na rangi ya mwenye duka. Hakuuliza zaidi. Akanunua birika jipya la shaba.

Siku ya posa wakaja watatu: Mzee Mbaruku, Songoro, na Nasibu, mwenzake wa kisimani. Huyu Nasibu mama yake alikuwa Mwarabu wa Kishihiri. Alikuwa mweupe, pua imesimama, nywele laini, na kanzu aliyoazimwa ilimkaa kama imeshonwa kwa ajili yake. Songoro alikuwa mweusi, mabega mapana, vidole vimekomaa kwa sururu. Kanzu yake ilikuwa safi, lakini nani aliitazama?

Wakaketi. Mzee Muhene akaja na birika, uso umemeremeta. Akampita Songoro, akainama mbele ya Nasibu.

Nasibu akarudisha mikono nyuma. "Mzee, si mimi."

"Hiyo ni haya ya mwoaji," Mzee Muhene akasema huku akicheka. "Hata mimi nilikuwa hivyo. Lete mikono, mwanangu."

Akamshika, akamnawisha taratibu, akamfuta kwa taulo jipya. Kisha, na hapa bibi yangu alisema andazi lilimwungulia kikaangoni, akageuka akampa Songoro lile beseni la maji machafu. "Kijana, kamwage nje."

Songoro akalipokea. Akatoka, akamwaga, akarudi, akaliweka beseni mahali pake, akaketi. Hakukunja uso.

Ndipo Mzee Mbaruku alipokohoa na kusema kuwa pamekuwa na kosa dogo, mwoaji ni huyu. Na kwa kweli lilikuwa kosa dogo bado. Birika lilikuwa na maji. Mtu angesema samahani, watu wangecheka, maandazi yangeliwa. Mzee Muhene hakusema samahani. Akamtazama Songoro kuanzia vidole mpaka usoni, akamuuliza kazi yake.

"Nachimba visima," Songoro akasema. "Na vyoo pia, nikiitwa."

Mzee Muhene akamgeukia Nasibu, akamuuliza ana mke? Nasibu akasema hana. Basi, akasema mzee, maji yameshamwagika na yamejua pa kumwagikia. Mkono ulionawishwa ndio utakaooa.

"Mzee, mimi navuta kamba kisimani tu," Nasibu akasema. "Na kamba yenyewe ni ya huyu. Yeye ndiye anayenilipa. Hata hii kanzu ni yake."

"Kazi hubadilika, mwanangu. Damu haibadiliki."

Pazia likafunguka. Salha akatoka, ushungi kichwani, akawasalimu wageni wa baba yake kwa heshima, kisha akapiga magoti mbele ya baba.

"Baba, nakuomba. Birika lina maji. Mnawishe."

"Na mji utasema nini?"

"Siolewi na mji, baba."

Mzee Muhene akalitazama birika. Bibi yangu alisema mkono wake ulikwenda hadi kwenye kishikio ukagusa, na wote waliokuwa pale wakashusha pumzi. Kisha ukarudi mapajani.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Salha alikwenda kwa kadhi, na kadhi akamwita baba zaidi ya mara moja, akamtaka atoe sababu inayokubalika katika dini, naye hakuwa nayo isipokuwa rangi na sururu. Kadhi akampa baba mdogo wa Salha, ndugu wa mzee, ruhusa ya kuozesha. Salha alipata mume, akazaa naye, wakazeeka pamoja. Songoro alimpelekea mzee salamu kila Idi, na kila Idi hazikujibiwa. Visima vya mtaa ule vyote vilichimbwa upya na Songoro, isipokuwa cha nyumba ile. Mzee Muhene alikufa bila mtu wa kumwita mkwe wangu, na birika la shaba lilikutwa juu ya kabati, halikutumika tena.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Methali yenyewe ilizaliwa pale pale, mkono wa mzee uliporudi mapajani. Salha alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumalizia dua. Akainuka. Hakulia. Akavaa viatu vyake mlangoni, akageuka kumtazama baba yake.

"Baba," akasema, "mnawisha rangi hukosa mkwe."

Akatoka, akashika njia ya kwa baba yake mdogo.