Chungu Kilichokataa Kufunuka

Sogeeni niwape la motomoto, na mkiulizwa, sikusema mimi! Palikuwa na kijiji ambako wanaume walidai mizimu imewakataza wanawake kula nyama. Siwema, mjamzito wa miezi saba, alikula mlenda tu, asubuhi na jioni. Siku moja mumewe Kibwana akaleta swala, naye Siwema akampika katika chungu cha marehemu bibi yake.

Harufu ikatanda kijiji kizima! Kibwana akavuta kifuniko, wapi! Shemeji akavuta, wapi! Mganga akavuta huku akinuiza, akaanguka chali, shuka huku, yeye kule! Chungu kikacheka kwa sauti ya bikizee:

"Walafi nyie! Swala wa kwanza nilimnasa mimi, kwa mtego wangu. Tukala sote, na mwenye mimba ndiye aliyeanza. Mwiko huo mmeutoa wapi?"

Siwema akagusa kifuniko kwa kidole kimoja tu, kikafunuka. Akaopoa ini, akalitafuna taratibu, na mtoto akaruka tumboni.

"Mke wangu," Kibwana akanong'ona, "nami nionjeshe."

"Ngoja kwanza, bwana. Mlenda wako unapoa."

Hadithi nimewaachia, mfupa nimebaki nao, naunyonya.