Kamati ya Harusi na Meza ya Usaili

Imenifikia, naipitisha. Isome mpaka mwisho, halafu mtumie kijana yeyote anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Kama hasomi vitu virefu, msomee wewe.

Palikuwa na binti mmoja wa Morogoro aitwaye Redempta. Alimaliza chuo kikuu kwa alama nzuri, akarudi nyumbani, akakaa. Maombi ya kazi alituma mengi. Majibu yalikuwa ya namna mbili: "tunasikitika", na kimya.

Siku moja akapata ujumbe kutoka kampuni ya ushauri wa biashara ya Dar es Salaam. Hizi ni kampuni ambazo wenye biashara wakikwama huziita, zikae nao, ziangalie tatizo liko wapi, ziwaambie la kufanya. Redempta aliitwa kwenye siku ya usaili: asubuhi hesabu, mchana majadiliano ya kundi, kisha kuhojiwa mmoja mmoja.

"Hii hainipiti," akamwambia mama yake.

"Isikupite," mama akajibu bila kuinua kichwa. Alikuwa fundi cherehani, na ulikuwa msimu wa sare za shule.

Redempta akajiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Hesabu alizifanya kila alfajiri. Kwenye simu alitazama video za watu wanaofundisha namna ya kushinda majadiliano ya kundi. Walimwambia: sema wa kwanza. Shika kalamu ya ubaoni, usiiachie. Panga hoja tatu. Usimsifu mshindani wako. Basi kutwa akawa amesimama mbele ya kioo cha kabati: "Ndugu zangu, nina mambo matatu."

Siku hizo ukoo ulikuwa na harusi ya binamu yake, na mama alikuwa mjumbe wa kamati. Ndiye aliyetegemewa kushona sare za kina mama. Lakini siku moja wateja walijaa mlangoni, na kikao kilikuwa jioni ileile.

"Nenda wewe, ukakae badala yangu," mama akasema.

"Mama, mimi nina usaili."

"Usaili bado. Kikao ni leo."

Redempta akaenda, tena akafurahi njiani. Alijiambia kwamba amepata kundi la kufanyia mazoezi.

Kikao kilikuwa kwa Mjomba Kastori. Kwa Waluguru, kabila lao, harusi haiendi bila neno la mjomba, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Ubishi ulikuwa juu ya chakula. Wengi walitaka sherehe ifanyike ukumbini, wapishi wa ukumbi wapike. Shangazi Filomena hakutaka kusikia. Alitaka kila kitu kifanyike uani kwake, masufuria juu ya mafiga kama zamani.

Redempta akasimama wa kwanza. "Ndugu zangu, nina mambo matatu." Akayasema yote matatu, kwa mpangilio, kwa sauti nzuri, mikono ikienda kama alivyofundishwa. Alimaliza kwa kusema ukumbi ndio suluhisho.

Akaketi.

"Msomi umemaliza?" Shangazi Filomena akauliza.

"Nimemaliza, shangazi."

"Haya, tuendelee na kikao."

Watu wakacheka mpaka Mjomba Kastori akavua miwani kufuta macho. Kikao kikaendelea kana kwamba hakuna aliyesimama.

Nyumbani mama alikuwa bado kwenye cherehani. "Wamesemaje?"

"Niliwaambia kwamba ukumbi..."

"Ulichowaambia nakijua, nimekisikia kutwa ukikiambia kabati. Wao wamesemaje?"

"Wanabishana tu."

"Filomena anataka nini?"

"Sijui. Anapiga kelele."

Mama akaondoa mguu kwenye pedali. "Sikukutuma ukahutubie. Nilikutuma ukanisikilizie. Nahitaji kujua sare ni za kina mama gani, wa uani au wa ukumbini, maana wanaopika hawavai gauni la kuburuza. Sasa nishone nini? Nishone kelele?"

Redempta alikasirika, akaenda kulala bila kula. Lakini hakuwa mtu wa kukasirika bure. Kitandani alijaribu kukumbuka hata sentensi moja aliyoisema mtu mwingine kikaoni. Hakupata. Akajiuliza: kama siwezi kurudi na neno moja la shangazi yangu mwenyewe, nitawezaje kwa watu nisiowajua?

Kikao kilichofuata hakungoja kutumwa.

"Leo msomi hana mambo matatu?" Mjomba Kastori akamchokoza.

"Leo sina hata moja, mjomba. Nimekuja kusikiliza."

Kusikiliza kulimshinda zaidi ya hesabu. Kila mtu alipofungua mdomo, yeye tayari alikuwa na jibu, na jibu lilimziba masikio. Akajilazimisha. Akiona jibu linakuja, analiacha lipite, anamwangalia msemaji mdomoni. Pole pole akagundua kitu. Shangazi Filomena hakuwa anasifia mafiga. Kila likitajwa jina la ukumbi, alikuwa anashika goti.

"Shangazi," Redempta akauliza, "huo ukumbi una nini?"

Filomena akalitazama goti lake. "Una ngazi," akasema.

Ukumbi ulikuwa ghorofani. Magoti yake yalikuwa hayapandi tena, na hakutaka kubebwa mbele ya wakwe kama gunia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Walikuwa wamebishana juu ya wali na nyama muda wote huo.

Mjomba Kastori akasema, "Si ungesema, Filomena?"

"Mlininyamazia lini nikasema?"

Ukatafutwa ukumbi wa chini, ubishi ukaisha. Mama akapata jibu lake, akaanza kukata vitambaa. Hakumpongeza mtu. Alisema tu, "Kumbe masikio unayo."

Redempta aliendelea na hesabu zake alfajiri. Kioo alikiacha. Jioni alihudhuria kila kikao, na kila alipotoka alijisimulia njiani: nani alisema nini, na alikuwa anataka nini hasa. Akikosea, siku ya pili anamuuliza mwenyewe.

Siku ya usaili ikafika. Hesabu zilipita salama. Mchana wakagawanywa kwenye meza mbili, na msimamizi, mama mmoja mtu mzima aliyeitwa Bi Rukia, akawaambia wazi: "Nafasi ni moja kwa kila meza." Kisha akatoka, akawaacha wajadiliane wenyewe.

Meza ya Redempta ilipewa tatizo la kiwanda cha mikate. Mikate mingi ilikuwa inarudishwa kutoka madukani. Kundi lishauri la kufanya.

Redempta alitambua mara moja kwamba wote walikuwa wametazama video zilezile. Kijana aitwaye Gidioni aliruka akashika kalamu ya ubaoni. Dada mmoja, Shamsa, akasema, "Naunga mkono alichosema mwenzangu," kisha akasema kitu tofauti kabisa. Wa pembeni yake naye akaunga mkono, naye akasema chake. Kila mtu alimuunga mkono kila mtu, na hakuna aliyejibiwa.

Katikati ya kelele, kijana mwenye sauti ndogo, Ombeni, akasema, "Mikate inayorudi ni ya maduka ya mbali tu. Huenda mkate hauna shida. Huenda unafika saa ambayo watu wameshakunywa chai."

"Safi sana, kaka," Gidioni akasema. Hakuandika kitu.

"Gidioni," Redempta akasema, "Ombeni ametoa jambo kubwa. Liandike tulijadili."

"Tutalirudia, dada."

Redempta alijaribu tena, akafunikwa. Muda ukaisha. Ubaoni palikuwa na matangazo ya redio, karatasi mpya ya kufungia mkate, na jina jipya la mkate. Mambo matatu.

Kwenye korido Shamsa akamwambia, "Pole, dada. Umesema kidogo mno."

Wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Gidioni alitoka akicheka. "Wana mtego hao! Wameniuliza, ukiacha wewe, nani wa meza yenu anafaa? Nikawaambia hakuna. Ukimtaja mtu, umempa kiti chako."

Wengine wakamshukuru kwa kuwafungua macho.

Redempta akaingia akijua anachokwenda kuulizwa. Alijua pia kwamba huko nyumbani hakukuwa na barua nyingine ya kusubiri. Hii ikipita, imepita.

Bi Rukia akauliza, "Ukiacha wewe, nani kwenye meza yenu anafaa?"

Neno "hakuna" lilikuwa mdomoni. Lilikuwa jepesi, na lingemgharimu Ombeni peke yake. Lakini Redempta alikuwa amefunzwa na vikao kurudi na kile kilichosemwa, si kile kinachomfaa.

"Ombeni," akasema. Akaeleza hoja ya maduka ya mbali na saa ya chai, kama Ombeni mwenyewe alivyoisema.

"Mbona haimo ubaoni? Mliikataa?"

"Haikukataliwa. Haikusikika."

"Unajua nafasi ni moja?"

"Najua. Umeniuliza anayefaa."

Bi Rukia akaandika kitu. "Na Shamsa, alitaka nini?"

"Alisema karatasi mpya. Ila alirudia mara nyingi kwamba wenye maduka ndio wanaorudisha, si walaji. Nadhani alitaka tuwaulize wenye maduka. Tungemwachia nafasi, angefika."

Akaulizwa juu ya kila mmoja wa meza ile. Akajibu juu ya kila mmoja, hata Gidioni. Kisha akaambiwa aende. Alirudi Morogoro akiamini amekikabidhi kiti chake kwa mkono wake mwenyewe.

Simu ilipigwa baada ya siku chache. Alikuwa Bi Rukia.

"Nafasi ya meza yenu ni yako."

Redempta akauliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu swali lile halikuwa mtego. Lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mteja anatulipa tukakae na watu wake wanaogombana, tutoke tukijua kila mmoja amesema nini. Wanaojua kuongea tunao mpaka wamezidi. Kwenye meza yenu wengine hawakuweza kunitajia hata hoja moja isiyo yao."

"Na Ombeni?"

"Meza ya pili haikutupatia mtu. Kiti chao amekipata Ombeni. Bila wewe nisingejua kama alifungua mdomo."

Redempta akaweka simu chini. Mama alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Wamesemaje?"

Binti akamweleza yote, neno kwa neno, kwanza ya Bi Rukia, kisha ya Ombeni, mwisho yake.

Mama akavuta kitambaa kingine. "Vizuri. Unaanza lini?"

Funzo: Aliyejiandaa kusema tu amejiandaa nusu. Ukikaa na watu, toka ukiwa umebeba maneno yao, na usiogope kutaja jema la mwenzako. Kiti hakipewi aliyepiga kelele nyingi, kinapewa aliyesikia.