Aliyemlisha Kidola Kibudu

Sogeeni, na mwenye njaa ameze mate, maana hadithi hii ni ya nyama, tena si nyama ya kutamani.

Pembeni mwa pori palikuwa na nyumba yenye watu watatu wa vipaji. Bibi Holo alikuwa haoni, lakini masikio yake yalisikia hata neno ambalo msemaji amelimeza. Mwanawe Shigela alikuwa na pua: akipita nyuma ya jiko lako anakwambia umepika nini. Mkwewe Nyanzala alikuwa na jicho. Akitazama mnofu alijua kama mnyama alichinjwa akiwa hai au ni kibudu, yaani alijifia mwenyewe.

Wa nne, Kidola, nduguye Shigela na mumewe Nyanzala, alikuwa na mdomo tu, maskini. Siku moja wenzake walikwenda matangani kijiji cha pili. Limbu mwindaji akamletea paja la pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. "Nimempata," alisema, na Kidola akala. Waliporudi walimkuta anajinyonganyonga kwa maumivu, na jua halikuzama ila ameshakufa. Limbu alikuja msibani akalia kuwashinda wafiwa, akaapa kwamba alichinja kwa mkono wake. Nyama yote ilikuwa imeliwa, basi hakukuwa na cha kumshikia.

Nyanzala hakulia. Alimchukia Limbu kwa moyo wake wote. Akitwanga mahindi, alikuwa akitwanga kichwa cha Limbu. Alitaka afe, basi. Na kijijini hapo desturi ilikuwa kwamba anayemnasa mkosaji ndiye mwenye neno la hukumu, wala neno lake halipingwi.

Alisubiri. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, na kweli, ilipofika harusi ya binti wa jirani, Limbu akatokea na pongo, swala wa vichakani, aliyebanikwa kwa moshi. Wapishi wakaanza kukoka moto.

Shigela akapita, akasimama. "Chini ya moshi huu kuna uvundo."

Limbu akacheka. "Jua kali, ndugu yangu. Nimetoka mbali."

Lakini wapishi walikuwa wameshaweka visu chini. Nyanzala akasogea, akageuza shingo ya mnyama. "Kisu kimepita, damu haikutoka. Tazameni weusi huu. Damu yote imelala ndani."

"Kisu changu butu, shemeji. Ila nilimchinja, naapa." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakaanza kumwamini tena, maana Limbu alikuwa na ulimi mtamu.

Ndipo Bibi Holo akasema, "Limbu mwanangu, wenzako husema wameua. Wewe siku zote husema umempata. Huyu ulimpata amesimama au amelala?"

"Amelala, mama."

"Akipumua?"

Limbu akatazama kisu chake.

"Na yule wa Kidola?"

Limbu akapiga magoti, akakiri. Wote wawili aliwaokota wameshakufa, akawapitishia kisu shingoni ili apate kuapa.

Nyanzala hakungoja. Alikata ini la yule pongo, akalitia chunguni. "Ale lote," alisema. "Nimengoja siku hii, na jicho langu ndilo lililoonyesha ushahidi."

"Ushahidi gani, shemeji, na alikuwa ameshakujibu?" Shigela akasema. "Pua yangu ndiyo iliyozuia wapishi. Neno ni langu: avunjiwe upinde, afukuzwe, na akifa asizikwe huku."

Bibi Holo akagonga fimbo. "Nyinyi mlinusa na kutazama, mimi ndiye niliyemtoa neno kinywani. Tena Kidola nilimzaa mimi. Kufa ni kupumzika, na sitaki apumzike. Aishi. Awawindie wajukuu zangu, yatima wa Kidola, mpaka mgongo upinde, na kila mnyama aonje yeye kwanza, mbele yangu."

Nyanzala alimtazama mama mkwe wake, akaona kwamba chuki ya mwanamke yule ilikuwa kubwa kuliko yake, na hilo likamuuma. Hata hivyo alipakua.

Sasa sahani iko mbele ya Limbu na mvuke unapanda. Jicho linamtaka afe, pua inamtaka aondoke, sikio linamtaka abaki. Limbu amekwisha kushika kipande, na macho yake yako kwenu, kwa sababu hajui amsikilize nani.

Ninyi mliokaa hapa mmeshiba na mko salama, amueni: neno ni la nani?