Sikitu wa Jaani

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa mlango, nyuma ya mlango pana mtu. Nifungue, nisifungue?

—Fungua!

Haya, mmenituma wenyewe. Msije mkanilaumu.

Hapo zamani za kale alikuwapo mwanamke akiitwa Mashavu. Alizaa, akazika. Akazaa tena, akazika. Akazaa mara ya tatu, akazika. Mimba ya nne ikiwa tumboni, mume akakunja jamvi lake akaenda zake. Wanaume! Haya, tuwaache.

Akazaliwa mtoto wa kike. Mkunga wake, Bi Kidawa, akamwambia, "Mwanangu, Mauti ameshaijua nyumba yako. Mzuge. Mtoto huyu mtupe jaani, mimi nitamwokota, nawe umnunue kwangu kwa kibaba cha mtama. Mpe jina baya. Usimwite mwanangu. Mauti hana haja na takataka za watu. Lakini akianza kung'oka meno ya utoto, basi! Mwogeshe, mpe jina zuri, mkumbatie mbele ya watu. Usipitishe hapo. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Wewe Zaituni, unacheka nini? Hata humu ndani wamo waliotupwa jaani. Kamuulize bibi yako.

Mtoto akatupwa, akaokotwa, akanunuliwa, akaitwa Sikitu. Akaishi.

Akajichoma mguu kwa kaa la moto, akaja mbio analia, "Mama!"

"Mama yako nani? Wewe nimekuokota jaani."

Akashikwa na homa, akatetemeka mkekani, "Mama!"

"Mama yako nani? Wewe nimekuokota jaani."

Akang'oka jino la kwanza. Akalileta kiganjani, anacheka na pengo lake, "Mama, tazama!"

Hapo ndipo, jamani! Hapo ndipo! Mashavu alinyoosha mikono. Kisha woga ukamshika, akairudisha.

"Mama yako nani? Wewe nimekuokota jaani. Na mgeni akikuuliza, umjibu hivyohivyo."

Bi Kidawa akaja juu. "Unangoja nini, we Mashavu?"

"Mwaka mmoja tu, bibi. Apate nguvu."

Mwaka ukaisha. "Mmoja tu." Ukaisha na huo. "Mmoja tu, bibi." Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyu alichelea mwana kufa.

Msiseme hakumpenda. Alimpenda mpaka akaumwa. Akichinja kuku, paja alilificha kwenye bakuli la Sikitu, chini ya ukoko, ili Mauti asilione. Mnajua mtoto alifanya nini? Alilitoa, akalipangusa, akalirudisha. "Hili limeangukia kwangu kwa bahati mbaya." Kisha akaenda kula ukoko wake nyuma ya jiko, peke yake.

Siku ya siku, adhuhuri, Mauti akabisha hodi.

"Nimekufuata wewe, Mashavu."

"Mimi? Mimi nina mtoto mdogo!"

"Ati una mtoto? Basi mwite. Mtoto akiniomba nimwachie mamaye, huondoka mpaka akue. Ndiyo ada yangu."

Mashavu akapaza sauti, "Mwanangu! Mwanangu, njoo!"

Sikitu alikuwa uani anachambua mchicha. Akageuka nyuma kutazama nani anaitwa. Hakuona mtu, akaendelea na mchicha wake.

"Sikitu!"

Hapo akaja. Mauti akamwuliza, "Huyu ni nani yako?"

"Si mama yangu. Mimi nimeokotwa jaani."

"Mwanangu, sema kweli! Nimekuzaa mimi! Mwombe aniache!"

Mauti akauliza mara ya pili. Mtoto akajibu vilevile. Akauliza mara ya tatu. Mtoto akajibu vilevile, kwa adabu, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Kisha akamtazama Mashavu, aone kama amejibu vizuri.

Mauti akatikisa kichwa. "Mashavu, siku ile jaani nilikuwapo. Nilikuona ukilia. Mimi hukunizuga hata kidogo, ila siku ya mtoto ilikuwa haijafika. Uliyemzuga ni huyu." Akamchukua Mashavu.

Watu wakajaa msibani. Wakamtafuta mtoto, hayupo. Bi Kidawa akamkuta jaani, ameketi juu ya maganda ya mihogo, bakuli lake mapajani.

"Wafanya nini huku, mjukuu wangu? Njoo umlilie mama yako."

"Bibi, aliyeniokota amekufa. Nimerudi aliponiokota. Labda atapita mwingine."

Bi Kidawa akaketi hapohapo kwenye taka, akamweleza yote, akamwapia mpaka jua likachwa. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu, "Mbona yeye hakuniambia?"

Haya, mlango naufunga. Mlisema nifungue, na mmeona. Utamu wa hadithi, kama upo, gawaneni. Uchungu wake niachieni mimi. Na mwenye mtoto nyumbani, ainuke sasa hivi, akamwite.