Mtoa Wimbo wa Kwemashita

Imepokewa kutoka kwa wazee waliotutangulia katika imani kwamba huko milimani, kwenye mtaa wa Kwemashita, palikuwa na mja wa Mungu aliyeitwa Mzee Elieza. Kanisa lao halikuwa na kinanda, wala hizi spika za kupasua masikio ya majirani. Lilikuwa na Mzee Elieza, basi. Yeye ndiye aliyetoa wimbo: anasimama, anafumba macho, anaimba mstari wa kwanza peke yake, na waumini wanaudaka palepale alipouweka. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na ushei, na hakuwahi kujisifu.

Uzee ukamwingilia masikioni. Kadiri alivyozidi kutosikia ndivyo alivyozidi kuutoa wimbo juu, juu, juu, mpaka kufika ubeti wa tatu akina mama wanakohoa na wanaume wanaguna kama wabeba magogo. Kuna aliyemwambia? Thubutu! Eti heshima. Eti rispekti. Wakabuni dawa yao: kuchezesha midomo bila sauti. Naam, pleibeki, ndugu zangu, msidhani mmeianza nyinyi. Mzee akifumbua macho anaona vinywa vinafunguka, anatabasamu, anamshukuru Mola kwa uimbaji uliojaa.

Bibi Persisi, mwimbaji wa sauti ya kwanza, jambo hili lilimkera hadi kwenye mifupa.

"Tunamdanganya mtu mzima ndani ya nyumba ya Mungu," alimwambia Damari, jirani yake wa benchi.

"Basi imba wewe. Kifua changu si filimbi."

"Mtu akamwambie."

"Utamuua yule, mwenzangu. Wimbo ndio uhai wake. Fungua mdomo, tumalize, tukapike."

Jumapili moja Persisi alijaribu kuimba kweli. Sauti ikamkatikia kileleni, watu wakachekea viganjani. Jumapili iliyofuata naye akafungua mdomo mtupu. Alijichukia, lakini aliufungua.

Hata akafariki mke wa Yonazi mhunzi. Siku ya maziko Mzee Elieza alisimama ukingoni mwa kaburi, akautoa wimbo wa kuaga, juu kabisa. Midomo ikafunguka. Kimya. Ikasikika sauti moja nyembamba ya mzee, na udongo ukidondoka. Yonazi akainua kichwa, akavitazama vile vinywa kimoja kimoja, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wezi wamekomba kila kitu. Mkewe alikuwa ameimba na watu hawa miaka kumi na miwili.

Hapo subira ikamwishia Persisi. Na subira gani, laa hasha! Ulikuwa woga uliovaa kanzu. Akamshika mzee mkono katikati ya ubeti.

"Baba, acha. Hatuimbi."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Hatuimbi!"

"Eeh?"

"HATUIMBI, BABA! TUNAKUDANGANYA! WIMBO UNAUTOA JUU MNO!"

Bonde zima likasikia. Mzee akafumbua macho.

"Tangu lini?"

"Tangu Pentekoste!"

"Na wewe?"

"Na mimi!" Hilo nalo ilimbidi alipigie kelele.

Mzee akavua kofia. "Mngeniambia ningekaa chini," alisema. "Kukaa chini kuna ugumu gani? Mungu hakuniapia kwamba kazi hii ni yangu milele. Lakini nyinyi mmemnyima binti huyu wa Mungu wimbo wa mwisho, ili mimi nisinune?"

Damari akawa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Haya, Persisi. Toa wewe. Uweke chini, watu waufikie."

Akauweka chini. Wanaume wakaingia kwanza, sauti nzito zenye aibu, kisha akina mama wote. Mzee Elieza, asiyesikia kitu, akamwendea mfiwa, akasimama naye uso kwa uso.

"Mwanangu, mimi siwezi kujua tena. Wanaimba kweli?"

Yonazi akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Ndipo mzee akaokota jembe, akaanza kufukia.

Tuzingatie basi, enyi waja wa Mungu. Tuna kipaji cha kuuita woga wetu heshima, tena tunaupeleka mpaka madhabahuni na nguo za Jumapili. Mja yule alihitaji kuambiwa neno moja la kweli, na alipoambiwa alilipokea akiwa amesimama. Wenzake ndio waliohitaji maiti kwanza ndipo walitamke. Na sisi je, tunamsubiri nani afe?