Sheria Moja ya Kumtua Mwanahawa

Hapo zamani, na wewe uliyesoma sana usinikatize, palikuwa na mji wenye sheria mbili. Vitu vikubwa vilikuwa na yake: jiwe ukiliachia, linashuka. Vitu vidogo vilikuwa na yake: chembe ya vumbi huwa hapa na huwa pale kwa wakati mmoja, mpaka uitazame. Sheria hizo hazikusikilizana hata kidogo, na zilipokutana ni ndani ya kisima kimoja.

Mwanahawa alitumbukia humo adhuhuri, jua la utosi. Watu wakangoja mshindo. Hakuna mshindo. Wakasikia sauti: "Bado naanguka." Kesho yake: "Bado naanguka." Mwaka wa pili, sauti changa vilevile: "Jamani, bado naanguka."

Waliokijua kisima wakasema, "Hatoki mpaka ipatikane sheria moja, ya vikubwa na vidogo."

Baba yake, Mzee Makame, mwashi, akatupa mawe kisimani miaka saba, anahesabu. Akaipata sheria ya vikubwa, nzima. Mwanahawa hakutoka.

Mumewe, Pandu, sonara, akakodolea macho vumbi la dhahabu miaka saba, hata akapofuka. Akaipata sheria ya vidogo, nzima. Mwanahawa hakutoka.

Siku moja wawili hao wanagombana kisimani, akapita Bi Mize, msusi wa mikeka, na haraka zake.

"Nyie! Hiyo ni miyaa miwili ya ukili mmoja, majani mawili ya mkeka mmoja. Zipishanisheni!"

Akazipishanisha sheria zile, moja juu, moja chini, zikawa moja. Akainama, akaitamka kisimani.

Kikatoka kwanza kivuli cha Mwanahawa. Kisha mwenyewe, nywele kavu, hakuzeeka hata siku. Lakini nyayo hazikugusa ardhi. Zilielea upana wa kidole, zikirudi polepole kuelekea kisimani.

Sasa, desturi ya mji ule: sheria haishiki mpaka ipewe mwenyewe, mtu mmoja tu, iitwe kwa jina lake. Mwenyewe akimshika Mwanahawa mkono, atatua. Akimshika mwingine, Mwanahawa ataanguka milele.

"Ni yangu," akasema Mzee Makame. "Mimi ndiye niliyeanza, nyote mkiniita kichaa."

"Baba mkwe, wewe umetoa miaka," akasema Pandu. "Mimi nimetoa na macho. Mke wangu amerudi, simwoni!"

Bi Mize akacheka. "Miaka saba mmekaa na nusunusu zenu. Mimi nimeiunga kwa kitambo cha kusuka shubiri moja. Kwa kuwa sikuteseka, ndiyo si yangu?"

Mwanahawa akanyoosha mkono. "Jamani, upesi. Visigino vimeshapita ukingo."

Mimi swali hili nilimuuliza mwalimu wangu darasa la tano. Akanitoa nje, na nje nikapapenda. Haya, nyie wenye vyeti, msitazamane: Je, nani astahili kuushika mkono ule?